Wanaotafsiri filamu, mwacheni Baburao aseme

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na ma-VJ wetu, yaani wanaozitafsiri filamu kwa sauti zao, na wenye vibanda vya video, na vijana wanaouza filamu za kujaza kwenye flashi. Jambo lenyewe ni Hera Pheri, filamu ya Kihindi ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Priyadarshan. Kwangu hiyo ndiyo komedi bora kuliko zote zilizotoka Bombay, na inauma kuona komedi ya namna hiyo inaoneshwa watu wakakaa kimya pale panapochekesha. Kosa si la filamu wala la watazamaji. Komedi inatafsiriwa kwa mtindo wa filamu za mapigano, na mtindo huo unaimaliza.

Sina ugomvi na mtindo wenyewe. Uganda ni nchi ya VJ. Jina la VJ Jingo au VJ Junior linauza filamu kama jina la mwigizaji, na ng'ambo ya mpaka DJ Afro wa Kenya amejenga sifa kwa kazi ya aina hiyo kwa Kiswahili. Filamu ya ngumi ina dakika nyingi zisizo na maneno: magari yanakimbizana, risasi zinalia, stelingi anapanda ukuta. VJ huingia hapo, akamchokoza adui, akamshangilia stelingi, kibanda kikachangamka. Komedi ya Priyadarshan haina mianya hiyo. Watu watatu husema kwa pamoja, na wanaponyamaza, kimya chenyewe ndicho kinachochekesha. VJ akikijaza kimya hicho kwa maneno yake, kicheko hakirudi tena.

Kwa ambaye hajaiona, habari ni hii. Baburao Ganpatrao Apte, anayeigizwa na Paresh Rawal, ni mzee mwenye miwani minene, mpenda chupa, mwenye gereji iitwayo Star Garage isiyoingiza kitu. Raju, yaani Akshay Kumar, ni mpangaji wake, mjanja wa mjini asiyelipa kodi, na mama yake anaamini mwanawe ana kazi nzuri. Shyam, yaani Suniel Shetty, anafuatilia kazi katika benki aliyoitumikia marehemu baba yake, lakini nafasi hiyo inagombewa pia na Anuradha, anayeigizwa na Tabu. Siku moja simu ya Baburao inalia. Anayepiga ni Kabira, mtekaji, naye anadhani amempata tajiri Devi Prasad, ambaye mjukuu wake ametekwa. Namba ya gereji na namba ya kampuni ya tajiri huyo, Star Fisheries, zimebadilishana katika kitabu cha simu kwa kosa la uchapaji. Hapo Raju anapata wazo. Tumpigie tajiri sisi wenyewe, tujifanye watekaji, tudai mara mbili ya anachotaka Kabira. Nusu aipate Kabira, nusu tugawane.

Kila kicheko katika nusu ya pili kinasimama juu ya jambo lililopandwa katika nusu ya kwanza, na hapa ndipo wenye vibanda wanapoharibu mapema kabisa. Utekaji unaingia filamu ikiwa imekwisha kwenda mbali. Mwenye rimoti anaona watu wanazungumza tu, hakuna aliyepigwa, anaruka mbele hadi kwenye simu ya Kabira. Matokeo yake mtazamaji anaona wanaume watatu wanacheza na maisha ya mtoto wa watu kwa tamaa, anawachukia, hacheki. Aliyeiona tangu mwanzo anajua kuwa Raju amebanwa na uongo aliomwambia mama yake, kwamba Shyam anadaiwa na Khadak Singh (Om Puri, naye anadai kwa sauti ya kutikisa nyumba), kwamba mzee Baburao hana mbele wala nyuma. Huyo atacheka, na atawaogopea. Mwenye kutaka kupunguza muda na apunguze nyimbo. Nyimbo za Hera Pheri hazibebi hadithi. Zikiondolewa zote hakuna kinachopotea. Mazungumzo ya nusu ya kwanza hayaguswi.

Kitabu cha simu nacho kinahitaji maelezo ya makusudi. Kijana aliyekulia kwenye simu ya mkononi, anayehifadhi majina ndani ya simu yake, huenda hajawahi kuona kitabu chenye namba za mji mzima. Asipojua kitabu hicho ni nini, kosa la uchapaji halimwambii chochote, na filamu nzima inabaki fumbo. VJ aseme sentensi mbili tu, na aziseme mapema, kabla Raju hajagundua: zamani kila mji ulikuwa na kitabu cha namba, likikosewa jina au namba, mwaka mzima simu zako zinakwenda kwa mwingine. Kisha Raju akifungua ukurasa, VJ anyamaze. Mtazamaji agundue pamoja na Raju. Ma-VJ wengi wangefanya kinyume: wangenyamaza pale penye kuhitaji maelezo, halafu wangepiga kelele wakati wa ugunduzi.

Linafuata suala la fedha. Kabira anataka laki kumi za rupia. Tajiri anaambiwa laki ishirini. Nasisitiza hesabu hii kwa sababu ndiyo uti wa mgongo wa nusu ya pili, na ndiyo inayovurugwa kuliko kitu kingine. VJ anasema laki kumi mara ya kwanza, mara ya pili anageuza kuwa shilingi za Uganda, mara ya tatu anasema dola. Mtazamaji hawezi tena kujua nani anadai ngapi, na ujanja wa Raju unapotea. Chagua fedha moja uishike hadi mwisho. Ushauri wangu ni kuacha rupia na laki kama zilivyo, maana laki msikilizaji wa Kiswahili anaijua. Na kila simu inapopigwa, kabla ya maneno ya kwanza, mtajie mtazamaji mambo mawili: nani anapiga, na anayepokea anadhani anazungumza na nani. Kabira anadhani anazungumza na Devi Prasad. Devi Prasad anadhani anazungumza na watekaji. Wote wawili wamekosea, na aliye katikati ni Baburao anayetetemeka. Hayo yakieleweka, VJ hana la kuongeza.

Sasa kazi yenyewe ya kutafsiri. Filamu ina dakika 156. Mara ya kwanza itazamwe yote bila maikrofoni, daftari mkononi, na dakika ya kila kicheko iandikwe kama inavyosomeka kwenye kompyuta. Pembeni pa kila dakika iandikwe aina ya kicheko, kwa kuwa vipo vya aina tatu na kila kimoja kinataka muda wake. Kipo kicheko cha neno: mtu amesema jambo la kuchekesha. Hapo VJ husubiri mwigizaji amalize, ndipo aseme, kwa maneno machache kuliko ya Kihindi. Kipo kicheko cha uso: Paresh Rawal ametoa macho nyuma ya miwani, au Suniel Shetty amekasirika amekakamaa kama nguzo. Hapo VJ hasemi kitu, hata pumzi yake isisikike. Na kipo kicheko cha kujua, yaani mtazamaji anajua siri ambayo mhusika haijui. Hapo ndipo pekee VJ anaposema kabla, akumbushe siri hiyo kwa sentensi moja, aondoke.

Kosa la kawaida hutokana na maandishi ya chini ya picha. VJ asiyejua Kihindi husoma maandishi ya Kiingereza, na maandishi huonesha sentensi nzima mara tu mwigizaji anapofungua mdomo. Mwigizaji ana maneno kumi ya kusema na kichekesho kiko kwenye neno la kumi. VJ amekwisha kukisoma na kukitamka wakati mwigizaji yuko kwenye neno la tatu. Watu wanacheka nusunusu, kisha wanamwona Baburao akiendelea kusema kwa hamasa jambo ambalo limekwisha. Dawa yake ni kuandika tafsiri kwanza kwenye karatasi, kuyafunika maandishi ya chini wakati wa kurekodi, na kumfuata mwigizaji kwa macho: mdomo ukifunga, ndipo uingie.

Kicheko cha watazamaji nacho kina muda wake. Katika kibanda kilichojaa, mzaha mzuri hufunika sauti kwa sekunde tatu hadi tano. Rekodi haisubiri. Kwa hiyo jambo muhimu la hadithi lisiwekwe mara tu baada ya kicheko kikubwa. Likiwa ni lazima, lirudiwe kwa maneno mengine sekunde chache baadaye. Nakala iliyotengenezwa chumbani bila kuwafikiria watu hamsini wanaocheka huwa nzuri kwa mtu aliye peke yake na simu yake, na mbovu kwenye kibanda.

Kuhusu sauti, nina ombi moja kubwa: msiizime filamu. VJ anapozungumza, sauti ya filamu ishuke hadi kama theluthi yake, isifike sifuri, na akimaliza irudi juu papo hapo. Sauti ya Paresh Rawal hupanda, hukatika, huteleza puani. Hata asiyejua neno moja la Kihindi hucheka kwa kuisikia. Kidole kikisahauliwa kwenye miksa, filamu inabaki chini tukio zima na watu wanaona midomo inacheza. Maikrofoni ikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo. Herufi p na b hupuliza hewa na kupiga kishindo, na filamu hii imejaa majina ya namna hiyo: Baburao, Prasad, Kabira, benki. Rekodi kwa kiwango cha chini kuliko unavyotaka. Sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye, lakini sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki tena.

Kwa upande wa kibanda, besi ishushwe. Spika za vibanda hupangwa kwa ajili ya milipuko, besi imefunguliwa yote, na maneno hugeuka muungurumo. Komedi inataka sauti za kati, zile za binadamu anayezungumza. Spika zinyanyuliwe juu ya vichwa vya waliokaa mbele, na jenereta iwe nyuma ya ukuta, mbali na mlango. Mvua ikipiga mabati, simamisha filamu. Filamu ya ngumi itavumilia mvua. Mazungumzo ya watu watatu hayatavumilia.

Picha nayo inakatwa. Hera Pheri ilipigwa kwa picha pana, na Priyadarshan hupenda kuwaweka Raju, Shyam na Baburao wote watatu ndani ya picha moja, wawili wakigombana na wa tatu pembeni akisikiliza. Mara nyingi mcheshi ni huyo wa pembeni. Mwenye kibanda hapendi kuona mistari myeusi juu na chini ya skrini, basi anakuza picha ijae, na pande mbili zinakatika. Baburao anabaki bega moja. Acheni mistari myeusi ikae. Wengine huivuta picha ijae bila kuikata, na hapo watu wote wanarefuka kama milingoti. Hilo ni afadhali kidogo, maana angalau wote watatu wapo.

Jambo lifuatalo naliona zito zaidi. Kwa Kihindi, Baburao husema kwa lafudhi ya Kimarathi, lugha ya wenyeji wa Bombay, na mtazamaji wa India humtambua mara moja: mzee wa mtaani kwetu. VJ anataka kutoa ladha hiyo, na njia ya mkato ni kumpa Baburao lafudhi ya kabila fulani la hapa Uganda. Kibanda kitacheka, ndiyo, lakini kinalicheka kabila hilo, na Baburao ametoweka. Tena kuna mtu wa kabila hilo amekaa benchi la nyuma na amelipa kiingilio kama wengine. Ladha ya Baburao iko katika jinsi anavyosema kuliko lafudhi: sentensi fupi zinazokatika, amri zinazogeuka maombi, ukali unaokufa hofu ikiingia. Mpe Kiswahili cha mzee wa gereji, mwenye haraka na mwenye kinyongo, bila kabila. Raju humwita Babu Bhaiya (bhaiya ni kaka), na Kaka Babu inatosha. Heshima na utani viwemo vyote viwili. Sauti yake iwe ya juu na ya puani, ya Kabira iwe nzito na ya polepole. Mkisoma wote kwa sauti moja, simu hazitaeleweka hata mkifuata yote niliyoyasema juu.

Wapo watakaosema vichekesho vya India havihami. Hera Pheri yenyewe imehama. Asili yake ni filamu ya Kimalayalam ya mwaka 1989, Ramji Rao Speaking, ya waongozaji wawili, Siddique na Lal. Kule mzee hana gereji. Ana kikundi cha maigizo kisicho na kazi, na jina lake ni Mannar Mathai. Priyadarshan, ambaye naye ni mtu wa Kerala, jimbo la Kimalayalam, pamoja na mwandishi Neeraj Vora, walibadilisha kazi ya mzee, mji, lugha na vyakula. Hawakugusa simu, kosa la kitabu, madeni ya wale watatu, wala mpango wa kudai zaidi ya anachotaka mtekaji. Ndivyo na VJ anavyopaswa kufanya. Akitaka kutia neno la hapa nyumbani, la soko la Owino au la foleni ya teksi, alitie pale watu wanapokimbizana, wala asiitie mkono mitambo ya hadithi.

Na hawa waigizaji wamestahili uangalifu huo. Akshay Kumar na Suniel Shetty walikuwa watu wa ngumi. Mwaka 1994 walikuwa pamoja katika filamu ya mapigano Mohra, na walioipenda Mohra bado wanaijadili. Kuwaona wawili hao wanagombania kodi ya chumba ni starehe ya pekee. Paresh Rawal, aliyezoeleka kama adui katika filamu nyingi, alipata tuzo ya Filmfare ya uchekeshaji kwa Baburao, na ilikuwa haki yake.

Muda wa kuonesha: dakika 156 ni saa mbili na dakika 36. Ikianza saa nane kamili mchana inaisha saa kumi na dakika 36, na mpira wa saa kumi na moja haujaanza. Ikianza saa tisa itakatwa mechi ikiingia, na itakatwa katika vurugu ya mwisho ambapo kila mdai, kila mtekaji na kila mdanganyifu wanakutana mahali pamoja. Mwisho wenyewe siusemi. Asiyeweza kuanza saa nane aipange siku isiyo na mpira.

Ombi langu la lugha ni fupi. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha utekelezaji wake. Filamu zilizotafsiriwa hapa nchini karibu zote ni za Kiluganda. Hapa Arua, kule Kasese, na pale Busia, watu wengi wanafuata Kiswahili vizuri kuliko Kiluganda, nao wanalipa kiingilio kile kile. VJ atakayeitengeneza Hera Pheri kwa Kiswahili kwa uangalifu ataiuza pande zote hizo, na ng'ambo ya mpaka pia. Apate kwanza ruhusa ya wenye filamu. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inaihesabu tafsiri kuwa haki ya mwenye kazi.

Akishaiweza hiyo, ziko nyingine zinazosubiri. Angoor ya Gulzar, ya 1982, imetokana na mchezo wa Shakespeare na ina jozi mbili za mapacha: Sanjeev Kumar mara mbili akiitwa Ashok, Deven Verma mara mbili, na kila jozi ina jina moja. Hapo VJ lazima aseme kila mara ni Ashok wa hapa au Ashok mgeni, la sivyo kibanda kitapotea ndani ya nusu saa. Ngumu zaidi ni Chupke Chupke ya Hrishikesh Mukherjee, ya 1975, ambapo Dharmendra ni profesa wa mimea anayejifanya dereva na kusema Kihindi safi kupita kiasi, hadi mwajiri anayejivunia Kihindi chake mwenyewe anachoka. Kwa Kiluganda sijui itafanywaje, lakini kwa Kiswahili njia ipo wazi: dereva aseme Kiswahili sanifu kitupu, cha vitabuni, bila kosa moja, na wengine wote waseme kama tunavyosema sisi barabarani. Hiyo itahitaji watu wawili kwenye maikrofoni, mmoja akiwa mwalimu wa Kiswahili.

Mpenzi wa filamu za Kihindi,
Arua